Kupanga Uwanja wa Nyumba

Sisi wa Lumuma twakaa bondeni, na mvua ya masika hushuka milimani kwa nguvu. Basi kabla ya kupanda hata ua moja, na tutazame kwanza maji yapitapo. Uwanja uinamie mbali na ukuta, msingi usije ukaliwa. Tupande mchaichai kukingama mteremko, ushike udongo. Na migomba chini yake, ipate maji ya kuoshea vyombo. Mwembe ukae mbali kidogo, upande wa magharibi, utupe kivuli alasiri. Wala tusimwelekezee jirani wa chini mfereji wetu. Mafuriko ya Kilosa, Desemba 2009, yalituonya: maji ya juu ni msiba wa chini. Ampendaye jirani na aanze na mfereji wake.