Kitulo, Roboti na Dada wa Nyumbani

Ukishuka Makambako jioni bila jaketi, utajua kwamba Dar es Salaam ilikudekeza. Mji huu ni njia panda: ukinyoosha unakwenda Mbeya, ukikata kushoto unakwenda Njombe. Kuna stesheni ya TAZARA, malori yamejipanga, na upepo wake hauna adabu. Sisi tulikata kushoto.

Tulikuwa wanne ndani ya gari: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka mitatu, na dada wa kazi aliyemlea mtoto huyo tangu likizo yangu ya uzazi ilipoisha. Mpango wetu ulikuwa mtamu. Tungempeleka dada kwao kusalimia, mtoto abaki naye siku mbili, sisi wawili tupande Kitulo tukaone maua kama wachumba.

Lakini msomaji wangu, kama una dada nyumbani unajua hofu yetu. Dada akiomba kwenda kusalimia, je, atarudi?

Swali kutoka kiti cha nyuma

Mume wangu ni mtu wa teknolojia. Tangu Mafinga nilikuwa nimeshika usukani, naye alikuwa ananisomea habari za roboti kwenye simu. Kuna moja inaitwa NEO, ya kampuni ya 1X, iliyoanza kupokea oda Oktoba 2025. Ina umbo la mtu, uzito wa kilo 30, na imetengenezwa kwa ajili ya nyumbani: kukunja nguo, kupanga vyombo, kufungua mlango. Bei yake dola 20,000, karibu shilingi milioni 50, au unalipia dola 499 kila mwezi.

"Dada asiporudi, tunaagiza hii," akasema huku anacheka.

Nilimwangalia dada kwenye kioo. Hakucheka. Akauliza taratibu, "Kaka, hiyo nayo inalala saa ngapi?"

Mume wangu akatafuta jibu kwenye simu. Chaji moja ni kama saa nne, kisha inakwenda kujichaji. Akalisoma kwa sauti, halafu akanyamaza. Sote tulinyamaza, maana kwetu dada huamka saa kumi na moja alfajiri, na taa ya jikoni huzimwa saa nne usiku.

Za biashara na za nyumbani

Tukiwa gesti Njombe, mikono imekumbatia vikombe vya chai, tulilizungumza jambo hili kwa utulivu. Kwanza tukatenganisha roboti za biashara na za nyumbani, maana watu wengi huzichanganya.

Za biashara zimetutangulia, na Afrika Mashariki zimeshafika. Mwaka 2020, wakati wa korona, Rwanda ilizitumia kwenye vituo vya matibabu kupima joto la wagonjwa na kuwapunguzia wahudumu hatari ya kuambukizwa. Mwaka 2024 mgahawa mmoja Nairobi ukawa gumzo kwa roboti zake tatu za kupeleka chakula mezani. Zinafanikiwa kwa sababu kazi ni moja na sakafu ni bapa. Hata hivyo, anayepakia sahani ni binadamu.

Zikipewa kazi nyingi, mambo hugeuka. Hoteli ya Henn na kule Nagasaki, Japani, ilifunguliwa mwaka 2015 ikijisifia wahudumu wa roboti. Kufika mwaka 2019 ilikuwa imeondoa zaidi ya nusu ya roboti zake 243. Moja ya chumbani ilikuwa ikisikia mgeni anakoroma inadhani inaitwa, inamwamsha kumuuliza amesema nini. Fikiria uko fungate! Naye Pepper, aliyeanza kuuzwa mwaka 2015 kwa sifa ya kusoma hisia za watu, utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2020 baada ya kutengenezwa kama 27,000 tu.

Ya nyumbani ina mtihani mkubwa zaidi. Nyumba haina kazi moja. Kuna mtoto anayekimbia na kikombe, umeme unaokatika, ngazi, na homa ya usiku wa manane. Hata hiyo NEO, ikikutana na kazi isiyoijua, mtaalamu wa kampuni anaweza kuiongoza kutoka mbali kwa ruhusa yako, akiona kupitia macho yake. Yaani ndani ya mashine bado kuna dada, tofauti ni kwamba huyu yuko mbali na humjui.

Nyumbani kwao

Kijiji chao kiko njiani kuelekea Makete. "Kamwene," tukasalimiwa, tukakaribishwa ndani kwenye moto, tukaletewa viazi vya kuchemsha na parachichi. Mama yake akamwita kwa jina lake. Mtoto wangu akashangaa, "Dada ana jina?" Watu wakacheka. Mimi niliona aibu, maana kwangu alikuwa "dada" tu, mwaka wa tatu sasa.

Mama yule hakutulaumu. Alituuliza jambo moja tu, kwa upole: "Mwanangu huko kwenu anapumzika siku gani?"

Nikamtazama mume wangu. Naye akatazama moto.

Bustani ya Mungu

Kesho yake tukapanda Kitulo wawili. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na ukifika Februari hutabisha. Uwanda uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, nyasi hadi macho yanapoishia, na maua ya njano, zambarau na meupe yamesambaa kama kanga zilizoanikwa. Okidi peke yake ni aina 45. Hakuna simba wala tembo wa kukukimbiza, kwa hiyo mnatembea kwa miguu, mkono kwa mkono, mkihema kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kabla ya hapo viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kutengeneza chikanda.

"Kumbe hata maua yana sheria," mume wangu akasema.

"Na dada anayo," nikamjibu. Ninaijua kwa sababu kazini kwangu huwa naidai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya kila wiki, na likizo ya siku 28 yenye malipo. Sikuwahi kuipeleka jikoni kwangu.

Hatukugombana. Tuliketi kwenye jiwe tukaandika kwenye simu: Jumapili ni yake, saa mbili usiku kazi imekwisha, mshahara unapanda, mkataba unaandikwa. Mume wangu akaongeza kwa hiari yake, "Vyombo vya usiku, mimi."

Tuliporudi kijijini tukamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akasema atafikiria. Hakukurupuka, na nilimheshimu kwa hilo. Tukamwachia siku zake 28 na pesa ya likizo.

Ukitaka kwenda

Maua yako kileleni kati ya Desemba na Aprili, lakini ndiyo miezi ya mvua, hivyo beba koti la mvua, sweta nzito na viatu imara. Njia yetu ni Makambako, Njombe, Makete. Ya pili inapanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa kona 57. Kama mwenzio anaogopa miinuko, mwambie mapema. Juni na Julai baridi ni ya kugandisha.

Wakati naandika haya zimebaki siku tisa dada atupe jibu lake. Mume wangu yuko jikoni anaosha vyombo, na hajataja roboti tena.