Ahadi za usawa: tuzihesabu kwanza



Katika vikundi vyetu ulizo moja linarudi kila mara: haya wanasiasa wanayotuahidia, kupunguza kodi na kugawanya mali ya nchi kwa usawa, yanawezekana kweli ao ni maneno ya kutafuta kura? Sisi tunaofundisha watoto hesabu tunaona kwamba jibu linapatikana kwa kuhesabu.

Tuchukue ahadi iliyotugusa zaidi. Mwaka wa 2019 Raisi Félix Tshisekedi alianzisha masomo ya msingi bila malipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imekwisha kuandika hivyo. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa pesa walirudi darasani, na tulifurahi. Lakini pesa ambazo wazazi walikuwa wakitoa kwa ajili ya walimu zilikatwa, na wengi kati yetu tulikuwa hatujaingia kwenye orodha ya mshahara wa Leta. Madarasa yalijaa, mifuko ikabaki mitupu. Ahadi ilikuwa nzuri. Mlipaji ndiye hakutayarishwa.

Vilevile mwezi wa 9 wa 2023 uzazi bila malipo ulizinduliwa Kinshasa. Kutoka Kinshasa mpaka kitanda cha mzazi wa Kasugho, njia ni ndefu.

Sasa tuangalie pesa zenyewe. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema kwamba kwa kila faranga 100 za mapato ya taifa, 40 zibaki katika jimbo. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika hizo 40, miji, komini na shefri zipate 16. Kama sheria hiyo ingefuatwa, tungekuwa na la kuongea juu ya barabara na zahanati zetu. Lakini pesa zinapanda kwanza Kinshasa, na zinazorudi ni kidogo.

Na kodi inambana nani? Mama mwenye kitunga kimoja cha maharagwe analipa jetoni ya soko, analipa tena kwenye barieri, na mahali pengine watu wenye silaha wanamdai pia. Faranga 500 kwa mwenye kitunga kimoja ni chumvi na sabuni ya nyumba. Kwa mwenye lori si kitu. Kwa hiyo anayesema “nitaondoa kodi” aseme ni ipi, na ya nani.

Hata hivyo tusiseme hakuna linalobadilika. Mwaka wa 2020 ililetwa kodi ya simu iliyoitwa RAM, iliyokatwa ndani ya yuniti zetu. Watu walilalamika nchi nzima, na mwaka wa 2022 ikaondolewa.

Wamama, katika likelemba hakuna anayepokea bila daftari kuonyesha nani ametoa. Tuwapime wanasiasa kwa daftari hilohilo. Akija mwenye ahadi, tumuulize mambo matatu: pesa zitatoka wapi? Zitafika Kasugho kwa njia gani? Na mpaka zifike, nani atabeba mzigo? Tena kila tunapolipa, tudai kartasi ya malipo, na tuombe shefri itusomee mapato na matumizi yake mbele ya watu.

Anayejibu matatu hayo tumsikilize. Asiyejibu, tusimpe kura kwa sababu ya kitenge.