Chuma Nimeweka Ndani

Sheria ya trafiki ya Kenya, tangu irekebishwe mwaka 2012, inamtaka kila aliye juu ya pikipiki, dereva na abiria, avae helmeti na jaketi lenye rifleketa. Kichwa kimekumbukwa, kifua kimekumbukwa. Kuanzia magoti kwenda chini, kila mtu ajitegemee. Simama steji yoyote ya boda hapa Kakamega, kutoka Amalemba hadi Lurambi, utaona helmeti zimetundikwa kwenye vioo, majaketi yaliyofifia kwa jua, halafu chini yake sapatu, akala, raba zilizopasuka, na gambuti. Gambuti nyingi sana.

Mimi huangalia miguu ya watu wa boda kwa sababu ya mguu mmoja, wa kaka yangu.

Siku ile alikuwa amevaa akala. Mvua ya alasiri, hii yetu ambayo karibu haikosi, ilikuwa imepita, na barabara ya udongo upande wa Shinyalu ilikuwa inateleza kama sabuni. Boxer yake ikalala upande wa kushoto. Mwendo ulikuwa wa polepole. Abiria aliinuka, akajipangusa, akamalizia safari kwa miguu. Lakini mguu wa kaka ulikuwa umebaki kati ya kikanyagio na ardhi, na juu yake pikipiki ya zaidi ya kilo 100. Kifundo kilivunjika mahali pawili. Aliwekewa bamba la chuma na skrubu sita.

Pesa za bamba zilitoka mahali. Ng'ombe mmoja, mchango wa WhatsApp, mkopo wa chama cha steji, na karo yangu ya muhula. Nilikuwa mwaka wa pili. Hakuna aliyenilazimisha. Tulikaa sebuleni, mimi na Mama na shangazi, tukapiga hesabu, ikawa wazi kwamba mguu hauwezi kungoja na masomo yanaweza. Yamengoja mpaka leo. Siandiki hivi ili nionewe huruma. Nataka tu ujue kwamba nikizungumza juu ya viatu vya pikipiki, bei ya kuvikosa naijua kwa shilingi.

Siku hizi nakula kwa kuandika. Natafsiri ripoti za mashirika, naandika makala za kilimo, na nikipata hadithi nzuri naiuza. Mwaka jana nilinunua Yamaha DT 125 kuukuu, zile ambazo maofisa wa nyanjani walikuwa wakipanda nazo vijijini. Imenifikisha Malava, Isecheno ndani ya msitu, na mara moja Kitale. Kisha nikapata kazi ya kwenda Turkana: Webuye, Kitale, Kapenguria, Kainuk, Lodwar, halafu njia za mchanga kuelekea ziwani. Kwenye malipo ya kwanza nilitenga shilingi 12,000 za maandalizi. Nilipomwambia kaka, alisema neno moja tu: "Sista, kabla hujaweka petroli, tafuta viatu."

Basi nikaanza kusoma. Kumbe Ulaya kuna kiwango kizima cha viatu vya waendesha pikipiki, kinaitwa EN 13634. Kiatu kilichopita mtihani huo huwa na alama ya mtu juu ya pikipiki na tarakimu nne, kila moja ni 1 au 2, na 2 ndiyo bora. Ya kwanza ni urefu wa shingo ya kiatu. Ya pili ni jinsi kinavyostahimili kusuguliwa, tuseme ukiburutwa kwenye lami. Ya tatu ni jinsi kinavyokataa kukatwa. Ya nne ni soli: ikibanwa kutoka pembeni, itajikunja au itagoma? Niliisoma hiyo ya nne mara mbili. Mguu wa kaka ulibanwa hivyo hivyo, na akala haikuwa na la kusema.

Halafu kuna makundi. Viatu vya safari ndefu ni laini kidogo, vina utando wa ndani wa kuzuia maji, na ukishuka unaweza kutembea navyo mpaka hotelini ukaagiza chai. Vya motokrosi ni vigumu kama gamba la kobe. Vingine vina bawaba kwenye kifundo: mguu unakunja mbele na nyuma, lakini kwenda pembeni vinakataa. Ukitembea navyo unakuwa roboti. Katikati kuna vile vya watu wanaotaka lami na matope kwa safari moja, na ndivyo nilivyovitamani. Vingi asili yake ni kaskazini mwa Italia, maeneo ya Asolo na Montebelluna, ambako mafundi walikuwa wakishona viatu vya kupandia milima kabla ya pikipiki kuwafikia. Alpinestars ilianzia huko mwaka 1963. Niliuliza bei ya jozi mpya Nairobi. Ilikuwa karo ya muhula. Nikafunga simu.

Nikarudi kwenye vitu vya kwetu.

Gambuti siitukani. Hapa mvua huleta karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mchimba dhahabu wa Ikolomani, mkamua ng'ombe na mtu wa boda wote wanajua kwa nini wanaivaa. Unaipiga maji ya bomba, imekuwa safi. Lakini juu ya pikipiki ina kasoro tatu. Ukianguka inaweza kuchomoka, na mguu unabaki na soksi. Kifundo kinacheza ndani yake kama mchi kwenye kinu. Na ikigusa ekzosi ya moto, mpira unayeyuka. Tena mvua ikiteremka kwenye suruali inaingilia juu, na ikishaingia haina pa kutokea. Hata kiatu cha bei ghali chenye utando kina shida hiyo hiyo, kwa hivyo suruali ya mvua ivaliwe juu ya kiatu, isichomekwe ndani.

Viatu vya mjengo, vile vyenye kofia ya chuma vidoleni, nilivipenda kwa bei. Kofia hiyo hupimwa kwa kishindo cha jouli 200, karibu sawa na kilo 20 kuanguka kutoka urefu wa mita moja. Vidole vitapona. Lakini vingi vinaishia kwenye kifundo chenyewe, na kwa DT yangu kuna jambo jingine: gia yake inapandishwa kwa kidole kutoka chini, na pua nene ya kiatu haipenyi. Fundi anaweza kukifungua kile kijiti cha gia na kukirudisha jino moja juu, dakika tano tu, lakini wengi hawajui wala hawaulizi. Boxer haina tabu hiyo kwa sababu ina kanyagio la mbele na la nyuma. Unabadilisha gia kwa kukanyaga.

Ikabaki mtumba. Jumamosi moja tukaenda sokoni, mimi na kaka, yeye na sapatu zake.

Sijawahi kuona mtu akikagua kiatu vile. Alishika soli kwa mikono miwili akaikamua kama nguo iliyofuliwa, ikijikunja, anarudisha. Alibana kifundo kutoka pande zote mbili kwa viganja, akiniangalia usoni, mpaka nikatazama kando. Alitafuta ngazi ya kisigino, pale mbele ya kisigino ambapo kikanyagio kinakaa ili mguu usiteleze. Halafu akachomeka kucha kwenye soli. Kuna jozi moja ya kupendeza, nyeusi, ambayo soli yake ilimeguka kama keki. Muuzaji akaapa kwamba haijawahi kuvaliwa. Kaka akamwambia hiyo ndiyo shida: soli za aina ile zikikaa stoo miaka mingi, unyevu unazila polepole, na siku utakayozitembeza ndiyo siku zitakuacha.

Shida yangu ilikuwa namba. Mimi navaa 39. Viatu vyote vya pikipiki pale vilikuwa 44, 45, vya mibaba ya Ulaya. Muuzaji akaniuliza kama navinunulia bwana. Nikamwambia bwana ni mimi. Akacheka, akazama ndani ya bunda, akatoka na jozi ya motokrosi ya vijana, nyeupe iliyokuwa imegeuka kijivu, bawaba nzima, kishikizo kimoja kimevunjika. Kumbe huko nje mtoto wa miaka kumi na tatu ananunuliwa kiatu kinachonienea mimi, mtu mzima wa miaka 26. Tulianza 9,000, tukamalizia 6,500. Kishikizo alikitengeneza fundi viatu kwa mia mbili.

Nilimwambia kaka, sasa zamu yako.

"Mimi chuma nimeweka ndani," akasema, akapiga kifundo chake kwa vidole. Muuzaji na vijana wa meza ya pili wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa sababu anaisema vizuri. Lakini nimeishi na mguu ule. Najua kwamba jioni huvimba mpaka mshipa haujulikani, kwamba kishikizo kigumu kikilala juu ya bamba hawezi kustahimili nusu saa, na kwamba amerudi kwenye sapatu kwa sababu ndizo zisizomuuma. Mguu unaohitaji kinga kuliko yote nyumbani kwetu ndio hauwezi kuvaa kinga iliyopo.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zikajaa kila kijiji, na vijana wengi wa rika la kaka wakapata kazi. Viatu havikuwamo kwenye hesabu hiyo. Kijana anachukua pikipiki kwa mkopo, analipa kila siku, ananunua mafuta, anapeleka unga nyumbani, na kiatu kinangoja siku ya ziada ambayo haiji. Akivunjika, ndipo familia nzima inagundua kwamba mguu ule ndio uliokuwa ukilipa kila kitu. Wanaoandika ushauri wa viatu huandika kwa mtu wa likizo, anayepita kwenye matope mara moja akapige picha. Anayepita hapo mara ishirini kwa siku hana ukurasa.

Tulizunguka saa nzima nyingine. Alichokipata ni buti la ngozi la shingo ndefu, la kamba, ambalo ulimi wake unafunguka mpaka karibu na vidole, hivyo mguu uliovimba unaingia bila vita. Halina plastiki juu ya kifundo. Soli ina bati ndani. Alipoikamua ilimkamua yeye. Halifikii kiwango cha Ulaya na halina alama yoyote, lakini ni kiatu, na ni chake. Kamba zake lazima zichomekwe ndani zisije zikanaswa. Shilingi 2,800.

"Si hiyo ndiyo pesa ya petroli?" akauliza.

"Kabla hujaweka petroli," nikamwambia, "tafuta viatu."

Hakusema kitu. Alikaa kwenye kigoda cha muuzaji, akaanza kufunga kamba, polepole, kutoka chini.

Fundi amepandisha gia ya DT yangu jino moja. Nimezoea viatu vyangu kwa safari mbili za msituni. Vinanifanya mzito, na kule Lodwar kwenye joto nitavilaani, najua. Naondoka wiki ijayo. Kaka, steji wamembandika jina Afande. Inamchukua dakika nne kila asubuhi kuvaa, na Mama analalamika kwamba chai inapoa. Lakini watu wawili wa steji wamemuuliza alivitoa wapi. Mmoja amenitumia picha: ameweka mguu wake juu ya karatasi, akauzungushia kalamu. Nimepima, ni 42. Jumamosi tunarudi sokoni.