Safari ya Miguu Kandokando ya Mto Zigi



Vijana wa madrasa yetu hapa Tanga wameniomba niwaongoze kwa miguu kuufuata Mto Zigi hadi msitu wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Nimekubali, ila kwa sharti kwamba matayarisho yatangulie furaha. Nayaandika hapa ili wenye nia kama hiyo wanufaike.

Kwanza ni majira. Wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, njia huteleza na mto hujaa. Basi tumechagua Julai. Tutapanda gari hadi Muheza, kisha hadi Zigi, tulipe ada ya hifadhi na kuchukua mwongozaji. Msitu huu wa kale umehifadhiwa tangu 1997, nao una vyura na mimea isiyopatikana penginepo duniani. Asichume mtu, wala asikamate.

Pili ni sala. Wengi hudhani kila safari huruhusu kupunguza. Umbali wa Tanga na Amani haufiki marhala mbili, yaani takriban kilomita 80, wanazozishurutisha wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi. Kwa hiyo tutasali kamili, kila sala kwa wakati wake. Tayamamu nayo haina nafasi kwa mzima aliye kando ya mto. Kibla chetu ni kaskazini, lakini chini ya miti mikubwa jua hufichika. Yatupasa kuchukua dira.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Mto Zigi hushuka hadi bwawa la Mabayani, na humo ndimo mji wa Tanga upatamo maji. Tutakachokitupa sisi huko juu, wazee wetu watakitawadhia huku chini. Mtume (S.A.W.) ametuonya tusiende haja penye maji, wala njiani, wala kivulini, na huko msituni yote matatu yako pamoja. Basi jembe dogo limo mizigoni la kuchimbia mbali na mto, sabuni haitaingia majini, na udhu tutachota kwa kopo.

Kijana mmoja akauliza, "Maalim, nani atatuona huko porini?"

Nikamjibu, "Mwanangu, unywapo maji nyumbani, wewe humwona aliye juu ya mto? Nawe humwamini."

Akainamisha kichwa, kisha akaomba yeye ndiye alibebe lile jembe.

Wabillahi tawfiq.