Prague, mtaa uliowakinga waganga

Leo tutembelee mji wa Prague, katika Jamhuri ya Cheki, kule Ulaya. Mto Vltava unaupitia, na pale unapopinda ndipo ulipo mtaa wa Holešovice, wenye bandari ya mto, viwanda vya zamani na machinjio yaliyogeuzwa soko.

Katika mtaa huo kuna kiwanda cha Josef Průša, kinachotengeneza mashini za kuchapa vitu. Mashini hizo hazichapi karatasi. Zinayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, zikifuata mchoro ulio kwenye kompyuta, mpaka kitu kizima kipatikane.

Mwezi wa Machi 2020, Korona ilipoenea, waganga na wauguzi walikosa vya kujikinga. Kiwanda kilikuwa na mashini zaidi ya 500, kikaanza kuchapa ngao za uso. Ngao ni mkanda wa plastiki unaokaa kwenye paji la uso, plastiki nyepesi inayoonyesha mbele, na mpira wa kukaza nyuma. Kwa siku 3 walijaribu mifano mingi, wakaipeleka Wizara ya Afya mara 2 ikaguliwe. Ngao 10.000 za kwanza waliitolea wizara bure. Mchoro nao wakauweka kwenye intaneti, kila mwenye mashini autumie.

Kuanzia tarehe 19 Machi, kila aliyetoka nje alipaswa kufunika mdomo na pua, na barakoa hazikupatikana kwa urahisi. Watu wakashona nyumbani, wengine wakazitundika kwenye miti ili mpita njia asiye nayo achukue.

Sisi wa Kivu na Ituri tunaelewa jambo hilo. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilituonyesha kwamba muuguzi akiambukizwa, hatari inamfikia hata mama anayekuja kujifungua.

Mchoro wa Prague ni kama kipimo cha nguo kilichokatwa kwenye karatasi: ukimpa jirani, naye anashona. Lakini hata wao hawakugawa ngao kabla haijakaguliwa. Basi kikundi kinachotaka kusaidia wakati wa ugonjwa kianze kwenye kituo cha afya, kiulize kinachohitajika, kipeleke mfano mmoja kwanza. Na tukumbuke: ngao inazuia matone yasifike machoni, lakini haichukui nafasi ya barakoa, na lazima isafishwe kwa dawa kila inapovuliwa.