Kabla ya Kishikwambi

Nilipoanza kazi ya kutafuta dhahabu Geita, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ramani ya miamba ilichorwa kwa penseli. Usiku tulizitazama picha za anga mbili mbili kwa stereoskopu mpaka vilima vikainuka machoni. Asubuhi tulitoka na nyundo, dira na daftari. Ukifika kwenye mwamba ulipima mwelekeo wa tabaka na mwinamo wake, kisha ukahangaika kujua umesimama wapi: kichuguu kile, njia ya ng'ombe, maduara ya wachimbaji wadogo. Jioni alama za penseli zilipitiwa kwa wino, na aliyekuwa amechoka alipitia hivyo hivyo.

GPS tulikuwa nayo, lakini nani angeiamini? Marekani ilikuwa ikiivuruga makusudi kwa watumiaji wa kiraia, hata ikakosea kwa mita 100 hivi. Mei 2000 uvurugaji ulizimwa, na kifaa kile kile cha mkononi kikaanza kutuonyesha mahali petu ndani ya mita chache. Katika miaka yangu yote porini sijaona badiliko lililozidi hilo.

Shida ikahamia kwenye karatasi. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, setilaiti zinatumia WGS 84, na kwa hapa kwetu tofauti ya mifumo hiyo ni kama mita 300. Mshipa wa dhahabu huenda usifike hata upana wa mita moja! Kambini watu walibishana kuhusu mashimo ya uchorongaji "yaliyohama", kumbe kilichohama ni namba tu.

Kishikwambi kilipofika, mengi yalikuwa yameshatulia. Programu kama QField hukuonyesha ulipo juu ya picha ya setilaiti, na picha ya mwamba hujihifadhi pamoja na mahali pake. Simu nayo ukiilaza juu ya tabaka inakupa mwelekeo na mwinamo papo hapo. Ila Geita ina miamba yenye matabaka ya chuma, na humo magnetaiti huvuta sindano ya dira na kuihadaa simu vilevile. Hapo bado tunalenga kilima kinachojulikana ili kupata mwelekeo, kama zamani.

Kinachonikera ni kingine. Karatasi ilikulazimisha uchore mpaka wa miamba ukiwa umesimama juu yake, uamue: huu unapita kulia au kushoto ya korongo? Siku hizi vijana wanarudi na rundo la nukta bila mstari hata mmoja, na mpaka unachorwa ofisini na mtu ambaye hajaliona korongo lenyewe. Kifaa hakina kosa. Kalamu yake ipo na inachora vizuri kuliko penseli yangu. Vijana, choreni mpaka kabla hamjashuka kilimani.