Wimbo Nilioupa Baba Asiye Wake

Miaka kadhaa nyuma niliandika, tena kwa kujiamini, kwamba "King Porter Stomp" ni wimbo wa Benny Goodman. Hakuna msomaji aliyenisuta. Afadhali wangenisuta.

Niliujua kutokana na rekodi yake ya Julai 1935. Tarumbeta ya Bunny Berigan inaingia kama mwenye nyumba, na mwishoni matarumbeta na saksofoni zinaitana na kuitikiana mpaka miguu inakosa adabu. Mwezi uliofuata, Agosti 21, Goodman alipiga Palomar, Los Angeles, vijana wakapagawa. Wengi huuhesabu usiku ule kuwa mwanzo wa enzi ya swingi. Basi nami nikamvika taji.

Kumbe kule kuitikiana kulipangwa na Fletcher Henderson, Mmarekani mweusi aliyekuwa na bendi yake New York. Bendi hiyo iliurekodi wimbo mwaka 1928, ikaurudia 1932. Mambo yalipomwendea kombo, Henderson akawa anamuuzia Goodman mipangilio yake.

Na Henderson naye si baba. Mtunzi ni Jelly Roll Morton wa New Orleans, aliyeurekodi kwa piano, peke yake, mwaka 1923. Isikilize hiyo, tafadhali, ni kama dakika tatu tu. Mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unatania, na ukifika sehemu ya mwisho utasikia bendi nzima ya Goodman imejificha mle ndani, miaka 12 kabla. Hapo ndipo nilipoona aibu. Kwa miaka yote nilikuwa nikiusifu mwangwi bila kumjua aliyeita.

Ajabu ni kwamba Morton, bingwa wa kujisifu aliyedai kuwa yeye ndiye aliyeanzisha jazi, aliupa wimbo huu jina la mpiga piano mwingine, Porter King. Mwaka 1938, swingi ikivuma Marekani nzima, yeye alikuwa Washington, kwenye Maktaba ya Bunge, akimsimulia Alan Lomax maisha yake huku akipiga piano. Alilalamika sana kwamba hakulipwa haki yake. Alifariki 1941, Los Angeles, jiji lilelile la Palomar.

Makala yangu ya zamani nimeirekebisha jana. Goodman bado yumo, ila si kama baba.